Daktari wa Dada, Daktari Wangu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumjibia dada yangu. Aliulizwa yeye, nikajibu mimi, tena haraka, kama mwanafunzi anayeogopa kwamba mwenzake atawaangusha wote.

Figo zangu zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki nilisafishwa damu kwa mashine huko Migori, na dada yangu mkubwa, aliyeolewa Homa Bay, alikuwa amesema atanipa figo yake moja. Mimi ni fundi simu. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua simu mbovu hadi nikaelewa, na niliamini upandikizaji nao ungeeleweka hivyohivyo. Nilisoma kila nilichopata, kisha nikaenda kwa dada kumfundisha majibu. Alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani.

"Ukiulizwa nani amekulazimisha?"

"Hakuna. Nimeamua kwa hiari yangu."

"Na shemeji?"

Akaendelea kutandaza omena. "Omera, ndugu yangu, shemeji yako hajui."

"Sema anajua na amekubali. Tutamwambia vipimo vikishatoka."

"Haya, daktari wa simu," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Nilimrudisha kwenye swali la kwanza.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hapasuliwi hata jipu kabla mumewe na mama mkwe hawajaambiwa. Nililijua hilo vizuri. Ndiyo sababu sikutaka waambiwe.

Katika hospitali ya rufaa, kwangu mimi timu nzima ya upandikizaji ilikuwa ni daktari mpasuaji. Wengine wote niliwaona kama wasimamizi wa mtihani njiani kuelekea kwake. Mtaalamu wa lishe alinikataza omena, mimi mtu wa Muhuru Bay, niliyekulia kando ya ziwa, nikaitikia bila kubisha. Mfamasia alinieleza dawa nitakazomeza maisha yangu yote, nikamtajia majina ya dawa hizo kabla hajamaliza. Niliyemwogopa kidogo kuliko wote alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, mama mwenye sauti ya chini.

"Mume wako alisemaje ulipomwambia?" alimuuliza dada.

"Alifurahi sana, madam," nikasema mimi.

Dada akaangalia viatu vyake. Yule mama akanigeukia taratibu.

"Kijana, wewe ndiye umeolewa?"

"Hapana, madam."

"Basi tupishe."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Mratibu wa timu, aliyekuwa akitupangia vipimo na kutupigia simu, akaja kuketi karibu nami. Nikamuuliza kama nimeharibu kila kitu.

"Tatizo lako unadhani sisi sote ni wako," alisema. "Wewe una daktari wako wa figo. Dada yako ana daktari mwingine kabisa, na kazi ya huyo ni kumlinda yeye. Hata dhidi yako. Na huyo mama aliyekutoa anamsikiliza dada yako, si wewe."

"Na dada akikataa?"

"Anaweza kukataa hata asubuhi ya upasuaji. Ninyi tutawaambia kitu kimoja tu: hafai kutoa. Labda ni shinikizo la damu, labda ni hofu, labda ni mambo ya nyumbani. Hamtaambiwa ni lipi."

Nikaelewa kwamba ndani ya timu niliyoiona yangu kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kunifungia mlango ikibidi. Na sikuweza kusema anakosea.

Dada alitoka macho yakiwa mekundu. "Nimemwambia ukweli," alisema. Jioni hiyo alirudi Homa Bay kumwambia mumewe.

Siku chache baadaye shemeji alinipigia. "Ora," alianza, maana ndivyo sisi Wajaluo tunavyoitana mashemeji. "Ulifikiri nitakataa?"

"Niliogopa."

"Mtu huulizwa, ora. Haogopwi kabla hajasema."

Nikangoja aseme kama amekubali. Akaniuliza hali ya mama yangu, akakata simu.

Wiki zilipita. Mratibu alipiga nikiwa Migori kwenye mashine, damu yangu ikizunguka kwenye mirija.

"Dada yako hafai kutoa," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilikwambia siku ile."

Mashine ikaanza kulia. Muuguzi akaja mbio, akaangalia namba za presha yangu. "We kijana, weka hiyo simu chini! Pumua. Unataka kunifukuzisha kazi?"

Nilipumua. Kichwani nilikuwa tayari napanga namna ya kumbana dada: nianze na swali gani, akinyamaza nifuatishe lipi.

Bado nasafishwa damu Migori. Binamu yangu wa Macalder ameanza vipimo. Sijui wanamuuliza nini, na sijamfundisha jibu lolote. Dada hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa, tunaongea kuhusu watoto wake na bei ya omena. Sijamuuliza kwa nini.