Herufi moja ya darasa la kwanza ilivyonirudisha getini siku ya usaili

Wakuu, salaam.

Mimi huwa napita humu kimya kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu nimechoka, na nimeona bora nichokee hapa kuliko kuendelea kumchosha baba yangu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini asiamini tu, nguvu za kubishana sina.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka ashuke chini kwenye ushauri.

Mimi ni binti wa Kisukuma. Wazazi walihamia Katavi na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, wakaweka mji huku Kasekese. Nimezaliwa huku, nimesoma huku. Usukumani kwenyewe nimefika mara mbili, zote misibani.

Jina langu la nyumbani ni Kabula. Kwetu mbula ni mvua, na mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha ndiyo huitwa hivyo. Mimi lakini nilirithi la bibi, mama yake baba. Ndiyo maana baba hanitaji jina hovyo, ananiita "mayu", yaani mama. Hata akinigombeza.

"Mayu, mbona umeacha ndama wanaingia kwenye mihogo?"

Ndivyo nilivyokua.

Nina degree ya ualimu, Kiswahili na Historia. Najua mtakachosema, walimu wa arts tumejaa mpaka pomoni. Nimeshaambiwa na kila mtu, hadi kinyozi.

Sasa kusoma kwangu kuna maneno nyuma yake. Nilipofaulu form four, baba mdogo alimwambia baba mbele yangu, "Kaka, ng'ombe wa mtoto wa kike wanaingia, hawatoki." Maana yake binti analetewa mahari, hauziwi ng'ombe ili asome. Baba akauza. Akauza tena form five, akauza na chuo pale mkopo ulipogoma kutosha. Kila ng'ombe akitoka zizini, baba mdogo yupo pembeni anaangalia.

Kwa hiyo nikisema nilihitaji ajira, mnielewe. Nilitaka baba yangu asionekane mjinga kwa ndugu zake. Basi.

Mwaka wa mwisho chuo walituandalia career day. Watu wa suti, projector, maji ya chupa. Tukafundishwa kuandika CV, kumwangalia bosi machoni, kujiuza. "Jiuzeni!" Kaka mmoja akatuambia tufungue akaunti mtandaoni tuunganishwe na waajiri. Nikafungua. Waajiri sijawaona mpaka leo, wanaonitafuta ni watu wa kuuza dawa za kupunguza tumbo.

Tulipewa na T-shirt. Ninayo, naivaa shambani.

Sisemi walikosea. Ila masaa yote yale hakuna hata mmoja aliyetuambia: nyie watoto, kabla hamjaondoka hapa, tandazeni vyeti vyenu kitandani msome majina yenu herufi kwa herufi.

Nikarudi nyumbani.

Kijijini ukirudi na degree unaitwa "msomi". Mwezi wa kwanza ni heshima, baadaye inageuka kejeli. "Msomi, hebu tusomee hii dawa ya ng'ombe." "Msomi, umeme unafika lini?" Ukipita na ndoo kichwani, "Kumbe na wasomi wanachota maji!" Unacheka nao. Ukifika nyumbani unalia kidogo, unaendelea kuchambua maharage.

Nikaenda kujitolea sekondari ya kata. Wazazi walikuwa wanachanga mahindi, nami napata fungu langu. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, na watoto nawapenda. Lakini wakuu, kuna uchovu wa kuitwa "Madam" asubuhi, mchana unaomba lifti ya baiskeli kurudi kwa baba yako. Aliyepitia anajua.

Nafasi za ualimu zikatangazwa. Kwetu network mpaka upande kwenye kichuguu, tena inategemea na upepo. Nikapanda bodaboda mpaka Mpanda, nikaingia stationery moja, dada wa pale akanijazia kwenye mfumo.

Unaweka namba ya kitambulisho cha taifa, jina linakuja lenyewe. Likaja KABULA.

Tukapandisha vyeti. Form four, KABURA. Form six, KABURA. Degree, KABURA.

Dada akasita. "Mbona huku kuna R?"

Nikamjibu, "Aah, hilo ni jina la shule."

"Haya." Akabonyeza, ikaenda.

Msinicheke. Kwetu watoto wengi wana jina la nyumbani na jina la shule. Mtu nyumbani ni Ng'washi, shuleni ni Suzana, na maisha yanaenda. Mimi miaka yote nilijua Kabura ni Kabula akiwa amevaa uniform. Sekondari wavulana waliniita Kaburi, nikazoea na hilo.

Nikaitwa usaili, hapo hapo Mpanda. Nililala kwa shangazi ili nisichelewe. Asubuhi nikapiga pasi, nikafika kati ya watu wa kwanza kwenye foleni, bahasha kifuani.

Getini kulikuwa na mama anakagua vyeti. Akaangalia kitambulisho, akaangalia cheti, akarudi kwenye kitambulisho.

"Dada, wewe ni Kabula au Kabura?"

"Wote ni mimi."

Nyuma yangu watu wakacheka. Mama hakucheka. "Deed poll yako iko wapi?"

Jamani, hilo neno nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Kumbe ni hati ya kisheria ya mtu kubadili jina, na tangazo lilisema wazi kabisa kwamba ambaye majina yake yanatofautiana aje nayo. Liliandikwa huko chini. Mimi nilisoma tarehe na ukumbi nikafunga simu. Hilo kosa ni langu, nalibeba.

"Kwa karatasi hizi nyie ni watu wawili," akasema, akanirudishia bahasha kwa upole. Angenifokea ningepata pa kuweka hasira.

Nilikaa nje ya geti mpaka wenzangu wanatoka usaili. Hata sijui nilikuwa nasubiri nini.

Nyumbani nikamweleza baba. Nilitegemea atakasirika. Akaenda kunywesha ng'ombe, akarudi akasema, "Nenda kwa aliyekuandika."

Aliyeniandika ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Mfipa, amestaafu siku nyingi, anaishi Kakese analima. Nilienda na maneno yangu nimeyapanga. Nikamkuta uani anapura maharage, shati limelowa jasho mgongoni. Nikamsalimia, nikampa vyeti.

Akavaa miwani, akasoma, akavua.

"Binti yangu, wazazi wenu wote walikuwa wananitajia majina kwa L. Mzazi anakuja anasema mtoto anaitwa Lehema, naandika Rehema. Anasema Lobati, naandika Robert. Baba yako alipokuja akasema Kabula, nikajua tu ni Kabura. Nikalirekebisha. Nilidhani nakusaidia." Akaniangalia. "Kwani Kabula ni jina?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mvua."

"Maskini mimi," akasema.

Maneno niliyoyapanga yote yakaisha. Ungemwambia nini mzee wa watu? Amenifundisha kusoma, na kwa nia njema amenipachika R nisiyoiomba. Alinifungia maharage kwenye mfuko, nikaondoka nayo.

Na kitambulisho cha taifa je? Nilijiandikisha baada ya form four, waandikishaji walipokuja kijijini. Karani alikuwa binti wa Kisukuma. Baba akataja jina, yeye akaliandika kama lilivyo. Yaani mara ya kwanza serikali inaandika jina langu sawasawa, ndiyo hiyo hiyo ikaniponza. Nicheke au nilie?

Nilikaa wiki mbili sitaki kuongea na mtu. Kufundisha nafundisha, ila nikitoka darasani nalala. Mkuu wa shule ndiye aliyeniita ofisini akaniambia kuna mama mmoja Mpanda, msaidizi wa kisheria, anasaidia watu bure. Nitamwita Mama Editha, siyo jina lake. Mimi nilikuwa najua wale watu ni wa mirathi na wanawake waliopigwa na waume zao. Kumbe hata msomi aliyekwama na herufi ana kiti pale.

Mama Editha hakunishangaa hata kidogo. "Mwanangu, wewe siyo wa kwanza, na wote mnakuja mkishafukuzwa getini. Kwa nini hamji mkiwa chuo?" Akaniandalia hati, akanitafutia wakili wa kuishuhudia, akanielekeza pa kwenda kuisajili. Akaniambia nije na mzazi, aape kwamba hawa Kabula na Kabura ni mtoto wake mmoja.

Nikaja na baba. Alivaa koti lake la harusini.

Hati ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa vyeti vyote ni Kabura, linaloachwa ni Kabula. Na haisemi kiupole. Inasema ninaliacha, ninalikana, sitalitumia tena jina hilo maisha yangu yote.

Nikashika kalamu, nikaiweka chini.

Wakuu, nilimuona bibi yangu. Alinilea yule. Nikaanza kulia mbele za watu, makamasi na kila kitu.

"Mayu, shida nini?" baba akauliza.

"Baba, hapa nasaini kwamba jina la bibi nimelikana."

Akaitazama ile karatasi. "Sasa unachukua lipi?"

"Kabura."

"Kabula," akasema.

"Hapana baba. Kabu-RA."

"Ndiyo. Kabu-la. Si ndilo nimesema?"

Mama Editha akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikajikuta nacheka na machozi yanatiririka. Baba akatuangalia mmoja mmoja, na pole pole akaelewa tunachokicheka. Hakukasirika.

"Helufi hiyo mimi mdomoni sina," akasema. "Saini, mayu. Mimi nitakuita jina la mama yangu mpaka nife, na hiyo kalatasi haitanisikia."

Nikasaini.

Sasa ushauri, kwa wale mlioko mwaka wa mwisho na mliotoka juzi.

Tandazeni vyeti. Leo, siyo kesho. Cheti cha kuzaliwa, form four, form six, chuo, kitambulisho cha taifa. Msisome kama mnavyosoma jina lenu, someni kama karani ambaye hajawahi kuwaona. Sisi wa mikoa hii tunaochanganya L na R, na nyie mnaotoka kwenye majina ya Ng'w ambayo kila mtu anayaandika anavyojisikia, ndiyo kabisa.

Tangazo la kazi lisome mpaka mwisho, hata kama bando linakata.

Wasaidizi wa kisheria wapo mpaka kwenye kata huko. Ulizia kwa mtendaji, ulizia kanisani, msikitini, ulizia kwa mkuu wa shule. Mimi nilikaa na aibu yangu wiki mbili nzima na msaada ulikuwa Mpanda mjini, ninapopita kila nikienda gulio.

Na nyie mnaoandaa career day, kama mmo humu: suti ni nzuri, lakini mleteni na Mama Editha mmoja. Hata dakika kumi.

Kujitolea nako msikudharau. Mimi bila ile shule ya kata nisingekutana na mtu wa kunielekeza. Ila msiniulize kama kunachosha. Kunachosha.

Haya, nimemaliza yangu. Nani mwingine jina lake lina makazi mawili? Ulitokaje? Mliohangaikia usajili wa hati mikoa mingine, wekeni njia mliyopita hapa, kuna watoto wa watu watasoma huu uzi usiku wa kuamkia usaili. Na wa kunikosoa Kiswahili nawakaribisha pia, nina degree yake, haijanisaidia sana.

EDIT: Mmeniuliza sana kuhusu usaili uliofuata.

Nilienda. Getini walichukua hati, wakaangalia, wakanipitisha. Niliingia ndani, nikakaa kwenye kiti, nikaandika mtihani wa watu.

Sikufaulu. Alama hazikutosha, na maswali mawili najua kabisa nilijibu ovyo kwa woga. Safari hii hakuna wa kumlaumu, si mwalimu, si karani. Hiyo nayo inauma, tena inauma vibaya.

Nilimkuta baba anafunga ndama. Nikamwambia, "Baba, nimekosa tena," nikasimama pale nikisubiri.

"Getini walikuuliza jina?"

"Hawakuniuliza."

Akakaza kamba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Basi tumesogea," akasema.