Kurui, Upande wa Kulinganisha

Katika timu yetu ya wadadisi hakuna aliyekuwa na kazi safi kama yangu, na aliyebisha alionyeshwa. Wenzangu walirudisha madodoso yenye maswali yaliyorukwa, yenye mtoto aliyemzidi mama yake umri, yenye kaya isiyo na mtu hata mmoja. Msimamizi wetu alifungua madodoso yangu mbele ya wote, kwenye ukumbi tuliokuwa tukikutania Kibaha, akasema, "Angalieni. Hivi ndivyo mtu mzima anavyofanya kazi."

Nilikuwa mtu mzima kweli. Nilikaa Afrika Kusini miaka tisa, nikaanzia kuosha magari na kulala chumba kimoja na watu saba. Niliporudi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nikaingia chuo na vijana walioniita anko, nikatoka na stashahada ya afya ya jamii. Hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Nyumba yangu ya Mbwawa, hapo Kibaha, niliipandisha mwenyewe, tofali juu ya tofali, na cheti changu nimekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Nayasema haya kwa sababu yanahusika. Kila nilichokipata nilikipata kwa kufuata maelekezo vizuri kuliko wenzangu, na sikuwa nimewahi kuona maelekezo yakinitupa.

Kazi ilikuwa kupima watu wanajua nini kuhusu kichaa cha mbwa, wanakichukuliaje, na wanafanya nini mtu aking'atwa. Mpango ulikuwa huu. Tungewauliza watu wa vijiji vya Kibaha, kama Dutumi, na wa vijiji vya Kisarawe, kama Kurui. Halafu Kibaha wangepewa elimu: mikutano, vipeperushi, gari la matangazo. Kisarawe wasingepewa chochote. Baada ya miezi miwili tungerudi pande zote mbili na maswali yaleyale, tuone kama elimu imebadili kitu. Kisarawe wangefundishwa mwisho kabisa, takwimu zikishafungwa. Tuliwaita upande wa kulinganisha.

Sheria kubwa ikawa moja: usifundishe. Mtu akikupa jibu la ovyo, liandike kama alivyolisema, usikunje uso, usitikise kichwa, nenda swali linalofuata. Akikuuliza kama amepatia, kuna sentensi ya kumjibu, na tulifanya mazoezi ya kuisema mpaka ikakaa mdomoni: hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi, tunataka maoni yako tu. Dada mmoja wa timu yetu alirudishwa nyumbani wiki ya kwanza kwa kumnong'oneza mama wa Dutumi jibu. Alilia getini. Mimi nilimcheka.

Kurui nilifika na mwenyekiti wa kitongoji, mzee mchekeshaji aliyekuwa akinitembeza nyumba hadi nyumba. Alivitazama viatu vyangu vya ngozi.

"Hivyo viatu umekuja kuhesabu mbwa au kuoa?"

"Nimekuja kazini, mzee."

"Basi mbwa wetu watakuogopa. Hawajamwona mtu anang'aa hivyo."

Mbwa kule ni wengi, tena wana kazi. Wanalinda mihogo dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Hata mtu ambaye hawezi kumgusa mbwa kabla ya swala ana mbwa wake shambani.

Nyumba ya nne ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo barazani. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kike wa miaka minane. Mama wa mtoto alikuwa akifanya kazi kiwandani Kibaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Kaa hapo kwenye kigoda, kina mguu mbovu lakini kinavumilia."

Nikawasha kishikwambi, nikaanza. Bibi alijibu kwa raha. Swali la ishirini hivi akacheka. "Baba, maswali haya yote! Hata aliyenioa hakuniuliza hivi."

Nikafika swali la mtu wa kaya aliyeng'atwa na mbwa katika miezi mitatu iliyopita.

"Yule pale," akasema, akinyoosha kisu.

Mtoto alikuwa amekaa chini akipanga maganda ya mihogo mstari mmoja. Kwenye shavu la mguu alikuwa amefungwa kitambaa cha kanga. Bibi akamwita, akakifungua. Kulikuwa na matundu ya meno, manne, na juu yake kitu cheusi kimekauka.

"Mbwa wa nani, bibi?"

"Wa jirani. Tunamjua tangu mdogo, hana ubaya. Siku hiyo aliamka anatafuna gogo, anadondosha udenda. Akamkuta huyu anakwenda kisimani. Leo siku ya tano."

"Mbwa yuko wapi?"

"Kafa. Siku mbili tu baadaye. Hakupigwa, kafa mwenyewe."

Kila mtu aliyekaa kwenye mafunzo yetu angejua maana ya maneno hayo. Mimi nilijua kuliko wote. Nilijua kwamba kidonda kile kilitakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, na kwamba mtoto alitakiwa achomwe chanjo, na kwamba hata siku ya tano bado muda ulikuwepo. Nilijua kwamba dalili zikishaanza hakuna daktari wa kumwokoa. Nilijua pia kwamba chanjo ilikuwepo wilayani wiki ile, kwa kuwa ni sisi tulioulizia.

Nikauliza swali linalofuata: mlifanya nini baada ya kung'atwa?

"Tulichukua manyoya ya mbwa yuleyule, tukayachoma, majivu tukapaka. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi." Kisha akaninyanyulia macho, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Sasa wewe baba uliyesoma, hapo nimefanya sawa? Maana mama yake kanipigia simu, ananiambia nimpeleke hospitali. Mimi naona kidonda kinakauka. Nimpeleke?"

Nikamwambia, kwa sauti ile ya mafunzoni, "Bibi, hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi. Tunataka maoni yako tu."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, akamfunga mtoto kitambaa.

Nikabonyeza: hakuoshwa, hakupelekwa kituo cha afya, tiba ya kienyeji ndiyo. Nikaaga. Juu ya pikipiki nilijiambia kwamba mama wa mtoto, yule aliyeko Kibaha, atamlazimisha. Kufika barabara kuu nilikuwa nafikiria kaya za kesho.

Miezi miwili baadaye nilirudi Kurui na maswali yaleyale. Mwenyekiti hakunitania. Aliniambia njiani, bila kugeuka, kwamba nyumba ya yule bibi nikipenda naweza kuiruka, wana msiba, wiki ya tatu sasa. Nikamuuliza nani. Akasema, "Kale katoto."

Sikuiruka. Bibi alikuwa kwenye mkeka ndani. Nikampa pole, akaipokea, akanieleza bila kuulizwa. Mguu ulianza kumwasha mtoto pale pale kwenye kovu. Akawa halali. Siku ya pili alipewa kikombe cha maji akashtuka kama kaona nyoka, koo likamkaza, akawa anaomba maji na akiletewa anapiga kelele. Hospitali walimpeleka, wakaambiwa wamechelewa. Alikufa akiwa anamwita mama yake, na mama yake alikuwa palepale amemshika, mtoto hamtambui.

"Na huyo mama yake sasa hasemi na mimi," bibi akasema. "Tangu tumzike. Anasema aliniambia nimpeleke nikakataa. Kweli aliniambia. Lakini mimi nilikuuliza wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuuliza nimpeleke?"

"Uliniuliza."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumweleza habari za upande wa kulinganisha. Maelezo ninayo, na ni mazuri. Nikasema, "Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Alinitazama kwa namna ambayo heri angenipiga kofi.

"Basi kamwambie mama yake hivyo hivyo. Mimi nikimwambia anasema nasingizia watu. Mwambie wewe. Hayo mengine ni yako na Mungu wako."

Jioni ile nilimweleza msimamizi kila kitu. Akasema, "Kumwambia mtu akimbilie hospitali si kufundisha."

"Mwongozo haukusema."

"Ulihitaji mwongozo useme?"

Aliandika barua yake kwa wakubwa na mimi nikaandika yangu. Mwongozo ukaongezewa aya. Mimi sikufukuzwa, kosa langu halikuwa limeharibu takwimu hata kidogo.

Jumapili nilikwenda kwa mama wa mtoto, kwa maelekezo ya bibi. Alikuwa amepanga chumba huko huko Mbwawa, mtaa wa pili kutoka kwangu, na huenda tulikuwa tukipishana dukani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, bado na sare ya kiwandani. Nilivua viatu mlangoni, nikakaa alipoonyesha, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia mama yake aliniuliza kama ampeleke mtoto hospitali, na mimi nilijua jibu, na sikumpa.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa wa kulinganisha na wenzake."

Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje, akaiweka sakafuni kati yetu. Bibi akaitika kwa woga, kama mtu asiyeamini jina analoliona.

"Mama, kuna mtu hapa," akasema. Kisha kwangu, "Sema tena. Yote. Na sauti itoke."

Nikasema tena. Mimi niliyezoea kusimama mbele ya watu nilisema maneno yale nikiitazama ile simu sakafuni, na nilipofika pale alipouliza nimpeleke, nilijikwaa, nikaanza upya, kwa kuwa aliniambia yote. Upande wa pili jogoo akawika.

"Umesikia, mwanangu?" bibi akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Sikukataa kwa ubishi."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

Hakuna aliyeniambia niondoke, wala aliyeniambia nibaki. Nilinyanyuka, nikavaa viatu mlangoni. Ndani binti alikuwa ameichukua simu ameibana sikioni, anamuuliza mama yake arobaini inaangukia siku gani, na nani atapika.