Ndege Tuliyoishona Garissa

Bawa la kwanza lilipokuwa bado mifupa mitupu, majirani waliopita nyuma ya nyumba yetu walidhani ninatengeneza kitanda. Mmoja aliuliza kama ni cha harusi. Baba yangu, aliyezoea kukaa mlangoni mwa ghala na chupa yake ya chai ya maziwa, alimjibu kwa utulivu kwamba ni ndege, na kwamba anayeitengeneza ni binti yake. Jirani akacheka, akidhani mzee anatania. Baba hakucheka. Alimmiminia chai, akamwonyesha pa kukaa, akamwacha aangalie mwenyewe.

Mimi ni fundi wa ndege. Nilizaliwa Garissa, nikasomea ufundi Nairobi, na kwa miaka mingi nilifanya kazi katika karakana za ndege ndogo: zinazopeleka miraa Wajir na Mandera, na zinazobeba wafanyakazi wa misaada wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo. Injini iliyorudi imejaa vumbi jekundu niliijua ilikotoka kabla sijaulizia. Nikajifunza na kurusha, nikapata leseni. Lakini kila ndege niliyoigusa ilikuwa ya mtu mwingine. Unaitengeneza mpaka inang'aa, mwenyewe anakuja, anapanda, na wewe unabaki na mikono michafu ukiangalia juu.

Kulikuwa na rubani mmoja mstaafu niliyemtengenezea ndege yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameanza kujiundia ndege ya viti viwili nyumbani kwake, macho yakamwishia kabla ya kazi kwisha. Siku moja aliniita akaniambia hataki ife ndani ya masanduku, na katika mafundi wote aliowajua, mimi ndiye aliyeniona nina subira ya kuimaliza. Wakati huo mama alikuwa ametangulia mbele za haki, na baba amebaki Garissa karibu peke yake. Nikaacha kazi ya Nairobi, nikafunga masanduku yale kwenye lori, nikavuka daraja la Tana kurudi nyumbani. Nilileta kiunzi cha mabomba ya chuma, mbavu za mabawa, michoro, na injini ndogo ambayo ilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Baba alinipa ghala alilokuwa akihifadhia ngozi za mbuzi enzi za biashara yake. Tulilifagia, tukalipiga chokaa, lakini siku za joto harufu ya ngozi ilirudi. Nikawa natengeneza redio za magari asubuhi ili mkono uende kinywani, na alasiri nikaingia ghalani. Nilikata, nikapiga msasa, nikafunga nati na kuzifungua tena pale nilipoona hazijakaa sawa. Hakuna aliyenisimamia. Kosa likitokea lilikuwa langu, na uzuri pia ulikuwa wangu. Sikuwahi kuonja jambo hilo katika kazi yoyote ya kuajiriwa.

Ilipofika zamu ya kuvika mabawa, nilimwita dada yangu. Yeye ni fundi cherehani sokoni. Hushona madiraa ya maharusi na sare za shule. Mabawa ya ndege ya aina hii hayafunikwi kwa bati. Huvikwa kitambaa maalumu, kikagandishwa kwa gundi, kisha kikapigwa pasi mpaka kinywee na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mara ya kwanza pasi ilipopita na kitambaa kikajivuta chenyewe, mikunjo yote ikatoweka mbele ya macho yetu, dada alisimamisha mkono na kuniangalia. Katika maisha yake yote ya ushonaji, kitambaa kunywea kulikuwa hasara. Leo alikuwa anaitafuta.

Baada ya pasi, kitambaa hushonewa kwenye mbavu ili upepo usikinyanyue. Tulisimamisha bawa kwa ubavu katikati ya ghala, yeye akakaa upande mmoja na mimi upande wa pili, tukawa tunapitishiana sindano ndefu. Nasukuma, anaipokea, anairudisha, nafunga fundo. Hatukuonana, tulisikizana tu. Alasiri nyingi tulikaa hivyo, tukizungumza habari za mama, za watoto wake, za wateja wanaotaka nguo leo kwa sherehe ya jana. Sijawahi kuwa karibu na dada yangu kama nilivyokuwa karibu naye nikiwa simwoni.

Siku moja aliishikilia sindano bila kuirudisha, akaniita dada kwa Kisomali.

"Abaayo, uzi huu ukikatika ukiwa juu?"

"Fundo la pili litashika," nilimwambia. "Kila fundo linajitegemea. Moja likiachia, mengine hayafuati."

Nikasikia akipapasa kitambaa kwa kidole.

"Basi tulifumue hili la mwisho. Sikulivuta kama yale mengine."

Tukalifumua. Kwa jicho langu halikuwa na kasoro, lakini nilifurahi mno kulifumua.

Mkaguzi wa ndege alikuja kutoka Nairobi zaidi ya mara moja, kwa sababu sehemu nyingine lazima zionwe kabla hazijafunikwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Baba, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani, alimpokea mlangoni na kumwambia, "Angalia kila kitu. Kama iko mbaya, sema iko mbaya. Usionee yeye huruma." Mkaguzi alimwahidi hivyo, na akatimiza ahadi. Aliona kebo ya usukani wa mkia inapita karibu mno na bomba, nikaisogeza. Alipofika kwenye mabawa alipitisha kiganja juu ya mshono wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza nani kashona. Nilimwonyesha dada. Mkaguzi akatoa simu na kuupiga picha ule mshono, akasema anataka kuwaonyesha wenzake kazi inavyopaswa kuwa. Dada alijifanya anatafuta mkasi.

Tuliibeba ndege hadi kiwanjani kwa lori, mwili wake mbele na mabawa nyuma yakiwa yamelazwa juu ya magodoro ya nyumba yetu. Mikokoteni ya punda ya maji ilisimama kutupisha. Nilifunga mabawa, nikakagua, nikakagua tena. Asubuhi moja ya upepo mdogo, korongo wakubwa wa mjini wakiwa bado hawajaanza kuzunguka angani, nikasema bismillahi na kusukuma mafuta.

Iliruka. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Magurudumu yalitetemeka juu ya changarawe, kisha yakanyamaza, na vyuma vyote vile nilivyovijua kimoja kimoja vikawa kitu kimoja chenye uhai. Nilipiga kelele, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu hakuna aliyenisikia.

Lakini kabla sijafika mtoni, mshale wa joto la injini ulikuwa unapanda. Nikapunguza mwendo, ukaendelea kupanda. Nikageuza, nikatua salama, nikakaa ndani ya ndege propela ikiwa imeshasimama. Baba alikuja akiegemea mkongojo wake. Nilimweleza kuwa inaruka vizuri, ila inachemka. Akasema hata ngamia mchanga hufundishwa mzigo polepole.

Michoro ilikuwa imetoka nchi za baridi. Hakuna aliyeichora akiifikiria Garissa, ambako hewa yenyewe inakupokea ikiwa imeshapata moto. Yule rubani mstaafu alinishauri kwa simu nipanue mdomo wa mbele wa boneti, hewa nyingi iingie kwenye rediata. Nilipanua. Joto halikushuka, nadhani hata liliongezeka kidogo. Nikakaa nayo ghalani siku kadhaa bila kushika spana, nikiitazama tu.

Ndipo nilipoomba kwa dada nyuzi nyekundu za sufu. Nilizikata vipande vifupi nikavibandika kila mahali kwenye boneti, juu, ubavuni na chini, halafu nikafunga kamera ndogo chini ya bawa na kuruka mzunguko mmoja mfupi. Jioni tulikaa, mimi na dada na baba, tukiangalia picha. Mbele, nyuzi zote zililala kuelekea nyuma, zimenyooka. Chini, kwenye tundu la kutokea hewa, zilikuwa zinazungukazunguka, na nyingine zimegeuka kuelekea mbele kabisa. Hewa ilikuwa inaingia vizuri. Haikuwa na pa kutokea.

Nikaurudisha mdomo wa mbele ulivyokuwa. Nikapanua tundu la chini, na kwenye ukingo wake nikaongeza mdomo wa bati la alumini nilioufua mwenyewe, umeinama kidogo, ili upepo unaopita nje uivute hewa ya ndani. Nilipoufua mara ya kwanza ulikuwa mkubwa mno, nikaupunguza. Nikabadilisha na matairi, nikaweka mapana ya kupita juu ya mchanga. Nikamwita mkaguzi, akaangalia mabadiliko yote, akaniuliza maswali mengi, na akaniruhusu.

Siku niliyopaa na mdomo ule mpya kulikuwa na jua kali. Niliuchagua mchana huo kwa makusudi. Mshale ulipanda, ukafika nilipoogopa, ukasimama. Niliruka juu ya Tana, mashamba ya migomba yakiwa utepe wa kijani pande mbili za maji, na mshale haukutikisika. Nimetengeneza injini za watu wakubwa, nimepokea asante nyingi, lakini heshima niliyojipa mwenyewe mchana ule, peke yangu, sijaipata kwa mtu.

Nilitimiza muda wote wa kuruka bila abiria kama ilivyotakiwa. Ulipokwisha, nilimuuliza baba anataka kwenda wapi. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye, kwa hiyo ananiita aabo nami namwita aabo.

"Aabo," alisema, "nipeleke Buna."

Buna, huko kaskazini mbele ya Wajir, ndiko anakoishi dada yake mkubwa, shangazi yangu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka, kwa sababu mgongo wa baba hauwezi tena barabara ile, na shangazi hasafiri. Nilishughulikia vibali vyote vinavyotakiwa, na alfajiri moja, mara baada ya swala, nikamfunga mkanda baba yangu katika kiti cha upande wa kulia. Alisoma dua ya safari kwa sauti, nayo ikanijia masikioni kupitia vipokea sauti, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia.

Alishika magoti yake. Kisha tukaacha mji nyuma, na nchi ikajifungua, na nikamwona anainama kuelekea dirishani. Njia za mifugo zilionekana chini, mistari myembamba ikitoka pande zote na kukutana kwenye maji. Baba alichunga ngamia katika nchi hiyo ujana wake wote, na hakuwahi kuiona hivi. Akaanza kunionyesha. Pale walipita mwaka wa ukame. Pale walihamia mvua ilipokosekana. Alinijulisha mahali tulipokuwa kabla sijaangalia ramani, na kila mara alikuwa sahihi. Tulitua Wajir kuongeza mafuta na kunywa chai, tukaendelea.

Karibu na Buna aliniomba nikate kushoto. Alitaka kuona kisima walichochimba yeye na ndugu zake. Nilizunguka taratibu. Kilikuwapo, mifugo imekizunguka, vumbi linapanda. Aliangalia mpaka kikapotea nyuma ya bawa, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake. Mimi nilikuwa na kazi ya kutua.

Watu walifika kabla propela haijasimama. Wazee walimsaidia baba kushuka, wakaanza salamu ndefu za huko: za amani, za mvua, za mifugo, za watoto. Zilipokwisha, mmoja alimuuliza amekodi ndege ya nani.

"Sikukodi," baba alijibu. "Nimeletwa na binti yangu."

Mzee akaniangalia, akasema mashallah, basi binti amenunua ndege.

"Hakununua. Ameijenga, nyumbani kwangu, nami nikiangalia."

Alilisema bila kupaza sauti. Nilikuwa nafunga kamba za kuizuia ndege isichukuliwe na upepo, nikainama zaidi juu ya fundo kuliko fundo lilivyohitaji.

Shangazi aliletwa akiwa ameshikwa mkono. Yeye na baba walisimama wakashikana viganja, hawakulia, walitajiana majina ya waliokufa na kuwaombea. Kisha shangazi akaja kwenye ndege. Aligusa bawa, akauliza ni ngozi ya mnyama gani. Nilimwambia ni kitambaa, na kwamba aliyekishona ni dada yangu. Akauliza kama kitambaa kile kinaweza kumbeba na yeye.

Nilimtazama baba. Akampokea shangazi fimbo yake ili apande.

Nilimzungusha shangazi juu ya Buna mara moja, polepole, chini kidogo kuliko kawaida ili aone mapaa. Alinihesabia nyumba za watu kwa kidole. Tulipotua hakutaka kushuka haraka. Alikaa akipumua, kiganja chake juu ya mkono wangu.

Kutoka kiwanjani hadi nyumbani kwake ni mwendo mfupi, lakini ulituchukua asubuhi yote iliyobaki. Kila tuliyekutana naye, mwenye mbuzi, mwenye duka, mama mwenye mitungi, shangazi alimsimamisha. "Huyu ni binti wa kaka yangu," alisema. "Ametoka Garissa leo asubuhi." Hakuongeza habari za ndege. Hiyo watu walikuwa wameiona wenyewe.