Alhamisi za Mbeyu

Alhamisi ile Mbeyu aliamka kabla ya adhana, akakaanga mahamri, akapasha mbaazi za jana, akamwekea Chirau sahani yake juu ya kigoda. Kisha akavaa buibui.

"Leo nina wageni wanne wa kutembeza, wanawake watupu," akasema. "Nitachelewa."

"Chelewa. Mji ni wako."

Mbeyu akacheka. "Haya, na wewe nitakubakishia kidogo." Akatoka.

Aliporudi, isha imeshasaliwa. Chirau akajifanya amelala. Ijumaa alfajiri Mbeyu hakuamka, na baada ya sala ya Ijumaa wakamzika. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na neno la mwisho alilopewa na mumewe lilikuwa kijembe.

Mbeyu alikuwa Mdigo wa Tiwi. Hakusoma, wala Chirau hakusoma. Alianza kwa kuuza mahamri pembeni mwa barabara ya Ndia Kuu. Kila mgeni akimuuliza Ngome, lile boma la kale, iko wapi. Akachoka kuonyesha kwa kidole, akawa anawapeleka mwenyewe, na kazi ikawa hiyo. Ngome aliwaingiza asubuhi, mawe hayajashika moto. Kisha milango ya nakshi ya Ndia Kuu. Kisha Marikiti, soko la viungo, na huko aliwakataza kununua bizari duka la kwanza. Biashara Street alifungua leso ya kujifunga, akawaonyesha pindo, akawaambia waiguse kabla ya kuipenda. Jua likipoa ni viazi karai, mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, na kahawa chungu kwa kipande cha haluwa. Waliotaka pombe na kucheza dansi aliwatafutia dereva wa kuwavusha Nyali. "Huko mtaburudika bila mimi," akiwaambia.

Hayo yote Chirau aliyajua. Asichokijua ni Alhamisi.

Miaka minne, kila Alhamisi, Mbeyu alirudi ananukia udi, na maua ya asumini yamenasa kwenye ushungi. Mke wa mtu, mtu mzima, kafukizwa kama bi harusi, na nyumbani hakufukizwa na mtu. Chonga, mwenzake wa barazani, ndiye aliyemtia sumu zaidi.

"Mkeo aingia nyumba ya mlango wa kijani, kule Kibokoni," alimwambia siku moja. "Atoka giza. Mimi sisemi kitu, nasema nilichokiona."

"Basi umeshasema."

Chirau alimeza. Hakuuliza. Akawa anahesabu dakika za kuchelewa na kunusa nguo kambani.

Arobaini ilipopita, mwanamke mmoja alibisha hodi. Jina lake Naomi, kwao Voi, na kwapani ana daftari.

"Pole sana, baba. Bi Mbeyu alinitembeza mwezi mzima. Naandika kitabu kidogo cha wageni, wajue pa kuona, pa kula, pa kustarehe jioni. Nilitaka nipite tena kila mahali, nisije nikakosea."

Chirau hakumwambia akae. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, baba."

"Umengoja afe uje uichukue njia yake."

Naomi hakukasirika. Alifungua daftari, akamsomea: Ngome, Marikiti, leso, mihogo. Kila kitu mahali pake, mpaka bizari ya duka la kwanza. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa mtupu.

"Mbona waishia hapo?"

"Hapa ni Alhamisi jioni. Alinipeleka, lakini alinikataza nisiandike."

Chirau akainuka, akatafuta kofia yake. "Leo ni Alhamisi. Twende."

Njiani alitangulia yeye. Moyoni alikuwa keshamchora mwanamume: mfupi, mwenye duka, meno ya dhahabu. Walipofika mlango wa kijani akabisha mwenyewe, kwa ngumi.

Akafungua mwanamke mnene wa makamo. Alimtazama Naomi, akampisha. Akamtazama Chirau, akaziba mlango kwa mwili wake wote.

"Wewe huingii, bwana. Keti barazani."

"Mgeni wa Voi aingia, mimi nabaki nje?"

"Yeye ni mwanamke. Humu hata jogoo hana ruhusa."

"Nataka kumuona mwenye nyumba."

"Ndiye mimi. Tumu. Na wewe ni Chirau. Umechelewa sana kuja."

Ndani pembe za nyati zilianza kugongwa kwa vijiti, na sauti za wanawake zikapanda. Vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Harufu ya udi ikatoka mlangoni, ile ile. Chirau akakaa barazani.

"Twafanya mazoezi Alhamisi," Tumu akasema. "Mbeyu ndiye aliyekuwa akituongoza. Wageni wake wa kike twawafukiza, twawavika asumini, wakae mkekani wasikilize. Wanaume hawasimuliwi. Nyimbo nyingine zawasema waume."

"Na mimi nimo?"

"Wewe ndiwe uliyemo zaidi."

Chirau akavua kofia. "Nilidhani ana mtu."

"Twajua. Hata yeye alijua."

"Akajua, akaniacha hivyo miaka minne?"

"Nawe ulimuuliza lini?"

Tumu akaingia, akarudi na kikombe cha kahawa, akakiweka karibu naye.

"Alhamisi ile ya mwisho tulimtania, tukamwambia mumeo ipo siku atakuja kuvunja mlango. Akajibu, nami sikuongezei neno: 'Akija msimfukuze. Mpeni kahawa, mumwambie kila kitu isipokuwa nyimbo. Nyimbo akizitaka, na aniulize mwenyewe.'"