Safari ya Kuufuata Umeme Unaochagua

Niliondoka Mgori kwa ajili ya binti yangu Zainabu, ingawa kijiji kilinituma kwa jambo jingine. Walitaka mtu wa kwenda Singida mjini kwenye mafunzo ya mitambo ya umeme, na vijana wote walikuwa wanavuna alizeti. Mimi nilikuwa na swali langu moja.

Zainabu alijifungulia katika zahanati yetu, jua likizama. Mtoto akatoka salama, damu ya mama ikakataa kukatika. Muuguzi yuko kazini, taa zikazima. Siku hizi za soko huria umeme wetu wa jua unauzwa na kampuni ya watu binafsi, na betri zikichoka kila kitu kinazimika pamoja: baa, mashine ya kusaga, zahanati. Taa ziliporudi, Zainabu alikuwa ameshatutoka.

Miezi kadhaa baada ya msiba, asubuhi ya safari, nikapanda lori la alizeti. Dereva akanicheka.

“Mzee, shule umri huo? Dawati moja utakaa na nani?”

“Na bibi yako,” nikamwambia.

Shule niliiacha darasa la tatu nichunge ng'ombe wa baba, na ng'ombe wenyewe wakafa kwa ndigana mwaka uleule. Lakini hayo tuyaache. Njia nzima ni mawe makubwa na mashamba, na mimi nalirudia swali langu nisilisahau: betri zikichoka, zahanati peke yake inaweza kubaki na taa?

Mjini tulifundishwa na binti mmoja mpole, Bi Salma.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akatuonyesha ubao wenye taa ndogo: hii baa, hii mashine, hii zahanati. Akasema hiyo ndiyo gridi janja, mtambo unaojua umeme umebaki kiasi gani na nani asikatiwe. Akapunguza umeme. Baa ikazima. Mashine ikazima. Zahanati ikabaki inawaka.

“Rudia,” nikasema.

Akarudia. Nikamwomba tena, wenzangu wakacheka, mmoja akasema babu kapenda sinema.

Ndipo nikauliza: “Kitu hiki Mgori tutaletewa lini?”

Akaangalia kwenye kompyuta yake. “Mnacho, babu. Kimo ndani ya mtambo wenu tangu ulipofungwa. Ila hakuna aliyekipanga. Hamkuulizwa nani awe wa kwanza?”

Hatukuulizwa. Nikakaa chini.

Kesho yake nikarudi, na jioni kijiji kikakutana. Mwenye mashine ya kusaga akanung'unika, “Na unga wangu je?” Wanawake wakamzomea mpaka akakaa. Tukakubaliana zahanati iwe ya kwanza, na kampuni ikaipanga siku ileile, kwa simu tu, hakuna hata fundi aliyekuja. Nilichojifunza ni hicho: kazi yenyewe ilikuwa ya simu moja.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anamnywesha mjukuu wetu uji.

“Baba Zainabu, hicho kitu kimetoka wapi?”

Ningemwambia kilikuwepo siku ile, mita chache kutoka kitandani kwa mwanetu? Yeye hajui kusoma, ndiyo maana naandika.

“Nimekuja nacho kutoka mjini,” nikasema.

Akamfuta mtoto mdomo, taratibu, bila kunitazama.

“Basi ungewahi kwenda, baba Zainabu.”

“Kweli,” nikasema. “Nilichelewa.”