Fundi Aliyeshonwa Pamoja na Suruali

Mtaani walimwita Fundi Chapuchapu, kwa kuwa hakujua kukataa kazi. Kila mteja alijibiwa, "Lete tu, mwanangu!" Alikula mguu ukiwa kwenye cherehani, na usingizi aliuona kwa wenzake tu.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, alisinzia huku akishona suruali ya mwalimu mkuu. Mwalimu mwenyewe alipopiga hodi, fundi alishtuka, akainuka kumkaribisha, na suruali ikainuka naye. Alikuwa ameiunga na gauni lake, tena kwa mshono wa nguvu.

"Dada, hiyo suruali ni yangu au yako?" mwalimu akauliza.

"Kwa sasa ni yetu sote," fundi akajibu. Akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio cha uchovu.

Binti yake aliifumua suruali kwa wembe huku akijiuma midomo. "Mama, leo unalala."

Akalala hadi kesho yake mchana. Tangu hapo hupokea kazi anazoziweza tu, na adhuhuri hufunga duka akajinyoosha. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Anayemharakisha huambiwa, "Baba, cherehani ina mafuta yake, nami nina usingizi wangu. Njoo Ijumaa."