Unga Kwenye Reli za Baba

Nitasema ukweli maana nimechoka kuubeba. Nilimwonea kijicho mtu aliyenipikia, aliyenifulia nguo nilipougua, na kosa lake kubwa lilikuwa kujua jambo ambalo mimi sikulijua.

Mimi ni dereva wa nyumba hapa Doha, huu mwaka wa tisa. Bosi wangu tunamwita Baba, kama wafanyakazi wengi wa nyumbani huku wanavyowaita mabosi wao wazee. Madereva wenzangu wanabeba mabosi kiti cha nyuma. Baba wangu alikaa mbele, kando yangu, kiti kimesukumwa nyuma kabisa kwa ajili ya magoti yake mabovu, akitafuna mbegu za tikiti na kuniuliza kama mvua imenyesha kwetu Nakuru. Nikipiga simu nyumbani nilikuwa najigamba, "Mzee hukaa na mimi hapa mbele kama ndugu." Mshahara wangu ni wa dereva yeyote, lakini hicho kiti kilikuwa changu peke yangu, na kama kuna kitu niliogopa kunyang'anywa, ni hicho.

Baba ana reli bustanini. Si mchezo wa watoto. Ni garimoshi dogo la umeme, kila behewa urefu wa mkono hadi kiwiko, linazunguka mitende mitatu na kupita kwenye daraja la mbao. Tuliijenga sisi wawili. Kokoto za reli ile nilizilaza mimi, moja moja, na mgongo wangu unakumbuka.

Basi mwaka huu wanawe wakampeleka nchi ya baridi kutibiwa magoti, na huko akaona kitu kikamtia wazimu. Ni kigari kinachotangulia mbele ya injini, kina gurudumu la mapanga usoni, kinakula theluji iliyofunika reli na kuitema kando. Alirudi na video kwenye simu. "Wajukuu wanakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi," akaniambia, kwa ile lugha yetu ya Kiarabu nusu na Kiingereza nusu. "Nataka wakione, kikifanya kazi." Theluji Doha! Nilicheka, naye akacheka, ila yeye hakuwa anatania.

Mla-theluji wa kwanza nilimtengeneza mimi. Mwili ulikuwa mkebe wa biskuti, mapanga nilikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikayaunganisha mapanga na magurudumu ya chini, ili injini ikisukuma kigari kutoka nyuma, mapanga yazunguke yenyewe. Nilijiona mjanja kweli. Theluji yetu ilikuwa barafu iliyosagwa kwa blenda ya jikoni. Wueh! Kigari kiliingia kwenye barafu, mwendo ukapungua, mapanga nayo yakapungua, mwishowe kikasimama tuli na barafu tele mdomoni.

Hapo ndipo mtu wa bustani alipoweka mpira wa maji chini akaja kuchungulia.

Alikuwa na miezi minne tu pale nyumbani. Mkenya mwenzangu, rika langu, tukilala chumba kimoja kando ya geti. Kwao alikuwa ameendesha mashine ya kusaga unga sokoni miaka kumi. Akachuchumaa, akakizungusha kigari changu mkononi, akasema, "Usikasirike, mkubwa, lakini anayesukuma asiwe ndiye anayetafuna. Mapanga yapewe mota yao wenyewe."

Nilikasirika. Kwani nani alimuuliza?

Baba ndiye aliyemuuliza. Kwa Kiarabu cha miezi minne, mikono ikimsaidia, jamaa akaeleza kwamba feni ya mashine ya unga haisukumi mzigo mbele, inaurusha ubavuni. Nyumba ya feni ni ya duara, na tundu la kutokea liko juu, begani. Kigari nacho kifanywe hivyo hivyo. Baba akasimama, na magoti yale, akasema, "Zen! Zen!" yaani vizuri sana, akampiga bega. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, bega langu halikuguswa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Haya, mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua.

Tulienda Al Sadd kununua mota na betri. Tukaenda Industrial Area kwa fundi wa kukata bati, mara tatu kwa wiki moja, kwa sababu mapanga lazima yawe sawa kwa uzito la sivyo kigari kinatetemeka na kuruka reli. Safari zote hizo jamaa alikaa nyuma amepakata mla-theluji mapajani, na Baba, pale mbele, amejipinda shingo kuzungumza naye. Mimi niliachiwa sikio lake tu. Hata mbegu za tikiti zilikuwa zinapitishwa nyuma, mkono kwa mkono, mimi nikiwa nimeshika usukani. Roho ilinichoma, haki ya Mungu. Nikaanza kununa kama mke mwenza. Akipika ugali nakula kimya, nalala bila asante, naye ananiuliza, "Mkubwa, uko sawa? Nyumbani kuko sawa?" Huo wema wake ndio uliozidi kuniudhi.

Na kigari kikafanya kazi, ndiyo. Mapanga yalizunguka kwa mlio laini, injini ikasukuma polepole. Kilichotushinda ni theluji yenyewe. Barafu ililowa na kuganda kwenye mapanga. Mchanga ungeharibu giya. Vile vipunje vyeupe vya plastiki vya kwenye boksi la friji vilinata kila mahali mpaka kwenye ndevu za Baba. Ijumaa ya wajukuu ikafika. Baba akienda kuswali akatuambia, "Tafuteni kitu cheupe na kikavu. Nikirudi na watoto, nikikute."

Sisi wawili ni Wakristo, tukabaki. Jamaa akakuna kichwa, kisha uso ukamng'aa. "Unga! Mkubwa, unga wa mahindi! Unarushika vizuri, mimi nimeurusha miaka kumi!"

Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile nilitupa kipande cha mkate kwenye pipa la taka. Baba alikitoa kwa mkono wake, akakipuliza, akakibusu, akakiweka juu ya ukuta ili ndege wakile. Akaniambia chakula ni neema ya Mungu, hakitupwi wala hakikanyagwi. Hakunikaripia. Aliniambia mara moja, na toka siku hiyo hata punje ya wali ikidondoka naiokota. Mtu wa bustani hakuwa ameambiwa. Ningesema neno moja tu.

Nilisema, "Chukua wangu. Uko stoo, pakiti mbili."

Akanikumbatia. Ule ulikuwa unga wa nyumbani, wa pakiti zenye picha ya hindi, niliorudi nao likizo. Alijua ninavyouonea uchungu. "Mkubwa, wewe una roho nzuri," akasema, na mimi nikamsaidia kuumwaga.

Tulifunika reli kuanzia darajani hadi mtende wa pili. Ulikuwa mweupe na wa kupendeza, lazima niseme. Baba akaingia na wajukuu wanne, jamaa akawasha mota, na mla-theluji akaingia kwenye unga akautupa begani kwa upinde mrefu, mwembamba, juu ya nyasi. Watoto wakapiga mayowe ya furaha. Wakakimbilia chini ya upinde ule, wakirukaruka miguu peku juu ya weupe wote. Baba alicheka mpaka akashika kiuno.

Halafu akainama, akagusa ule weupe kwa kidole, akauonja.

Hakupaza sauti. Aliwaambia watoto watoke. Akavua ndala, akapiga magoti, yale magoti aliyopelekewa nchi za watu, akaanza kukusanya unga kwa viganja na kuutia kwenye kilemba chake alichokitandika chini. Jamaa alipoelewa alijitupa kando yake. "Samahani, Baba. Mimi ndiye. Wazo ni langu, sikujua."

"Hukujua," Baba akasema, kwa upole.

Mkono wake ukafikia pakiti tupu chini ya daraja. Akaigeuza, akatazama picha ya hindi. Stoo yake ina rafu moja aliyonipa mimi, karibu na mchele wake, niweke pakiti kama hizo. Akaninyanyulia macho. Nilikuwa bado nimesimama.

"Na wewe?" akauliza.

Nikapiga magoti nikakusanya na wao, tukamaliza watatu, na unga ukawekwa ukutani ili ndege waule.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafuta kioo cha gari, Baba ana miadi ya magoti hospitali. Mtu wa bustani akanijia, macho mekundu, hakuwa amelala. Hata leo hajui. Anaamini nilimtolea unga wangu kwa mapenzi.

"Mkubwa," akaninong'oneza, "mkishakaa pale mbele, niombee msamaha. Wewe anakusikiliza."

Nikamwambia nitamwombea. Baba akatoka, nikazunguka upesi nikamfungulia mlango wa mbele, kama asubuhi zote za miaka tisa. Alinipita. Akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingia, akajivuta polepole kwa sababu kule nyuma hakuna nafasi ya magoti yake.

Tulipotoka getini nikasema, nikimtazama kwenye kioo, "Baba, yule hana makosa."

"Najua," akasema, na akageukia dirishani.